Pima Petroli Kabla ya Kununua Sola

Vijiji 12,318 vya Tanzania Bara karibu vyote vimefikiwa na umeme, na hilo ni jambo kubwa kwa nchi ambayo Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007 tu. Lakini kijiji si nyumba moja. Vitongoji ni zaidi ya 64,000, na laini ya umeme mara nyingi hukomea pale penye shule, zahanati na maduka ya barabarani. Mkoani Morogoro kuna bwawa la Kidatu lenye mitambo ya megawati 204, na tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ikienda Dodoma. Hata hivyo mtu anayeishi kitongoji cha ndani katika kata ya Ulaya, kati ya Kilosa mjini na Mikumi, anaweza kuwa mbali na nguzo kiasi kwamba jua likizama uchaguzi wake ni giza, kibatari au jenereta.

Makala haya ni ya huyo anayewasha jenereta: mwenye duka, mwenye banda la kuonyesha mpira, kinyozi, mwalimu, na baba au mama mwenye nyumba anayetaka watoto wasome na familia itazame taarifa ya habari.

Nianze na ushauri ambao muuza sola hana sababu ya kukupa. Kama nguzo ya TANESCO ipo karibu na nyumba yako, vuta umeme wa TANESCO. Ada ya kuunganishwa kijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000, na mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Hakuna paneli wala betri itakayokupa uniti kwa bei hiyo. Sola inamfaa yule ambaye nguzo ziko mbali na hazina tarehe ya kufika, au ambaye ana umeme tayari lakini hataki kukaa gizani unapokatika.

Kwa anayetegemea jenereta hesabu ni nyingine kabisa, na wengi hawaifanyi kwa sababu petroli hununuliwa kidogo kidogo. Jenereta ndogo, ile inayobebeka kwa mkono mmoja, hula takriban nusu lita kwa saa. Iwashe kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa nne na nusu usiku, umechoma lita mbili. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, lakini petroli ya chupa inayouzwa mbali na kituo huwa juu ya bei hiyo. Kwa bei yetu ya kukadiria ni shilingi 6,000 kwa usiku, 180,000 kwa mwezi, na zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Bado oili, plagi, kamba ya kuwashia inayokatika, na nauli ya kufuata mafuta. Ada ile ya kuunganishwa TANESCO ni petroli ya siku nne na nusu.

Hapo kuna hasara nyingine ambayo haionekani. Taa tano na televisheni moja ni mzigo usiofika wati 100, lakini jenereta ya wati 800 hailipishi kwa kadiri ya mzigo. Injini lazima izunguke kwa kasi ileile hata ikibeba taa moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafuta inaishia kwenye joto, moshi na kelele. Jenereta inaleta maana inapobeba mzigo mzito kwa muda mfupi. Kuwashia taa na simu ni matumizi yake mabaya kuliko yote. Na tafadhali, usiiwashe kamwe ndani ya chumba, stoo au banda lililofungwa, hata kama unaogopa wezi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta akiwa usingizini huenda asiamke.

Basi kabla ya kwenda dukani, chukua daftari uandike kila siku kwa mwezi mmoja umenunua lita ngapi na umetumia umeme kwa kazi gani. Daftari hilo ndilo litakalokuambia sola ya kiasi gani inakufaa na itajilipa baada ya miezi mingapi. Ukipewa bei ya mtambo mzima pamoja na ufundi, igawe kwa pesa ya petroli ya mwezi mmoja. Mwenye kuchoma lita mbili kila usiku atashangaa miezi inavyokuwa michache. Mwenye kuwasha jenereta mara moja kwa wiki wakati wa mpira ataona kwamba hana haraka, na taa ndogo ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu inamtosha kwa sasa.

Sasa hesabu ya matumizi. Kila kifaa kina wati zake, zimeandikwa mgongoni. Zidisha wati kwa saa za kutumia, unapata wati-saa; wati-saa 1,000 ndiyo uniti moja ya LUKU. Taa tano za LED za wati 5 kila moja, kwa saa tano, ni wati-saa 125. Televisheni ya inchi 32 ya wati 40 kwa saa tano ni 200. Redio ya wati 10 kwa saa sita ni 60. Simu tatu, weka 40. Jumla ni 425. Sehemu ya umeme hupotea kwenye waya, betri na inveta, kwa hiyo jiandae kwa 600.

Jua la Kilosa ni zuri, ila usipange kwa jua la Septemba. Panga kwa masika, Machi hadi Mei, wakati mawingu yanakaa siku nzima. Kwa msimu huo hesabu wastani wa saa nne za jua kamili kwa siku. Gawa 600 kwa 4, unapata paneli ya wati 150. Mimi ningenunua ya 200, kwa sababu vumbi na joto vitachukua sehemu yao. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza umeme kwa karibu asilimia 0.4. Juu ya bati la Mikumi saa saba mchana, kioo kikifika nyuzi 60, umepoteza kama asilimia 14 kabla hata wingu halijapita.

Angalia pia kisichomo katika orodha yangu: pasi. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja inakula zaidi ya mara mbili ya umeme wa jioni nzima niliouhesabu. Birika la umeme, jiko la umeme na mashine ya kukaushia nywele ni vivyo hivyo. Atakayekuuzia mtambo wa paneli moja akakuahidi kwamba utapiga pasi na kuchemsha chai hajui kazi yake, au anaijua vizuri sana na hakutakii mema. Nunua pasi ya mkaa.

Betri ndiyo inayoua mitambo mingi ya sola vijijini, na ndiyo ninayotaka usome kwa makini zaidi. Paneli nzuri huishi miaka 25 na zaidi. Betri mbaya, au betri nzuri iliyotumiwa vibaya, hufa ndani ya miezi, kisha mwenye nyumba husema sola haifai na kurudi kwenye petroli.

Kosa la kwanza ni kununua betri ya gari kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Vibati vyake vya ndani ni vyembamba. Ukiikamua kila usiku hadi taa zififie, unaivunja kila usiku. Betri ya sola imetengenezwa kwa kutolewa pole pole na kujazwa pole pole, lakini hata hiyo, ikiwa ni ya risasi (ya maji au ile inayoitwa betri kavu), usiitumie zaidi ya nusu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na nusu yake ni zile 600 tulizohitaji. Ukipima betri iliyopumzika ukakuta volti 12.2, umefika nusu. Zima televisheni ubaki na taa moja.

Betri ya lithiamu ni ghali siku ya kununua, lakini inakubali kutumiwa asilimia 80 au zaidi, ni nyepesi, na huvumilia mizunguko maelfu ya kujaa na kuisha, wakati ya risasi huhesabu mamia. Kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa mara moja, leo ningemshauri lithiamu bila kusita, mradi iwe ile ya chuma na fosfeti, iandikwayo LiFePO4, ambayo haishiki moto kirahisi. Asiye na uwezo anunue betri kavu ya sola, aitunze kwa nidhamu. Kama ni ya maji, aijaze maji ya betri tu, si ya kisimani, na asiiweke chumba cha kulala, kwa kuwa inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Mizani ni rafiki yako dukani. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30. Ukiinyanyua kirahisi na imeandikwa 100, hizo ampea ziko kwenye karatasi tu. Paneli nayo ipime kwa futi. Mita moja ya mraba hupokea takriban wati 1,000 za jua kali, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza kama asilimia 20 kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya wati 200 lazima ikaribie mita moja ya mraba. Paneli yenye lebo ya wati 300 lakini unaweza kuikumbatia chini ya kwapa ni uongo. Fundi mwenye mita aitoe nje saa sita mchana apime ampea zake mbele yako: paneli halisi ya wati 100 ya mtambo wa volti 12 hutoa zaidi ya ampea 5 jua likiwa kali. Uliza alama ya TBS, dai risiti, na dhamana iandikwe kwenye risiti hiyo, si kwa mdomo.

Kati ya paneli na betri kuna kidhibiti chaji. Kinazuia betri isijae kupita kiasi na hukata umeme kabla haijaisha kabisa. Wapo wanaounga taa moja kwa moja kwenye betri ili wapite ulinzi huo kidhibiti kinapokata. Hao wanajinunulia betri mpya mapema. Kidhibiti kiwekwe kulingana na aina ya betri yako. Mpangilio wa betri ya maji si wa lithiamu.

Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, ina tabia ambayo wauzaji hawaisemi: inakula umeme hata isipobeba kitu. Inveta inayotumia wati 10 peke yake, ikiachwa usiku na mchana, inamaliza wati-saa 240, zaidi ya televisheni yetu ya saa tano. Nyumba ndogo inaweza kuikwepa karibu kabisa. Nunua taa za volti 12 na televisheni inayokubali volti 12 moja kwa moja. Zinauzwa, na fundi wa sola anazijua. Inveta iwashwe kwa kazi yake tu kisha izimwe. Ukiwa na friji, feni au mota yoyote, tafuta inveta ya wimbi safi, kwa sababu zile za bei ya chini hufanya mota ivume, ipate joto na ife kabla ya wakati.

Kwa ufungaji nitakuwa mfupi. Eneo letu liko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, hivyo paneli ielekee kaskazini ikiwa na mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, ili pia mvua ioshe vumbi. Acha nafasi ya kiganja kati yake na bati upepo upite. Kivuli cha tawi moja la mwembe kwenye kona ya paneli hupunguza umeme zaidi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, basi kata tawi au hamisha paneli. Nyumba ya nyasi haifai kubeba paneli. Simika nguzo imara karibu na dirisha la chumba unacholala, usikie mwizi akija. Kiangazi ifute paneli asubuhi kwa kitambaa laini na maji, kioo kikiwa bado baridi. Waya wa nje uwe mnene na wa kuvumilia jua, betri ikae kando ya inveta na iwe na fyuzi yake karibu, maana inveta ya wati 1,000 ikibeba mzigo wote huvuta karibu ampea 90 kutoka betri ya volti 12. Waya mwembamba hapo ni moto ndani ya nyumba. Radi za Kilosa mnazijua, kwa hiyo fremu ya paneli iwe na waya wa ardhini.

Fundi usimtafute kwa bei. EWURA hutoa leseni kwa mafundi umeme, muulize yake. Mikumi kuna chuo cha VETA, na ni mahali pazuri pa kuulizia nani katika eneo hili amesoma kazi hii na anaifanya vizuri. Kisha nenda ukaone nyumba aliyofunga mtambo ambao umeshapita masika mawili. Mtambo wa wiki mbili kila mmoja unawaka.

Kuhusu mkopo wa sola unaolipwa kwa simu, umesaidia kaya nyingi zisizoweza kutoa pesa yote kwa mpigo, na siudharau. Ila wakulima wa Kilosa hupata pesa kwa msimu. Anayeuza ufuta au mbaazi hupata pesa nyingi mara moja, kisha hukaa miezi mirefu akibana matumizi, wakati mkopo unataka malipo kila siku au kila wiki. Ukikosa, mtambo unajifunga, na wewe uko gizani na deni. Kama unaweza kusubiri mavuno ukalipa taslimu, subiri. Kama huwezi, uliza bei yote ya mkopo dhidi ya bei ya taslimu, uliza kama unaruhusiwa kulipa miezi kadhaa mbele baada ya mavuno, na nani atabadilisha betri ikifa kabla hujamaliza. Kampuni nazo hubadilika: Mobisol ya Ujerumani, iliyouza mitambo mingi Tanzania, iliingia katika ufilisi 2019 na kununuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huohuo. Shika mkataba wako wa karatasi, usitegemee ujumbe wa simu pekee.

Mwenye duka anayetaka friji ya soda anaweza, lakini aiweke kwenye hesabu yake kama biashara. Friji ndogo ya volti 12 iliyotengenezwa kwa sola hutumia nusu uniti hadi uniti moja kwa siku katika joto letu, na inahitaji paneli za wati 400 hivi na betri kubwa. Ile ya kawaida ya mtumba itakula zaidi. Kinyozi yuko pazuri kuliko wote: mashine ya kunyolea haifiki wati 20, kazi nyingi iko mchana, na jua linamlipia. Mkulima wa vitunguu upande wa Malolo, anayepampu kwa petroli, naye ana la kufikiria, kwa kuwa pampu ya sola hufanya kazi mchana bila betri kabisa. Tangi lililojaa ndiyo akiba yake. Mashine ya kusaga, hapana. Mota yake ni ya kilowati kadhaa, na mtambo wa nyumbani hauna nguvu hiyo. Hapo dizeli au TANESCO.

Kwa kuwa mtambo wa nyumbani una mipaka yake, usiuze jenereta yako wiki ya kwanza. Ikae kwa ajili ya harusi na yale majuma ya masika ambayo betri haijai. Iwashe mara moja kwa mwezi, na usiache petroli ya zamani ndani ya kabureta. Ukiona imekaa mwaka bila kazi, hapo uza.

Na betri itakapokufa, kwa sababu siku moja itakufa, usiivunje nyuma ya nyumba kutafuta risasi ya kuuza, wala usiwaachie watoto. Risasi huingia katika udongo na maji, na kwa mtoto hudhuru ubongo kwa namna isiyoponyeka. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza 2007 kiliacha watu na watoto wakiwa na sumu hiyo mwilini. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, alipigana hadi kikafungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kabla hujalipia betri mpya, muulize muuzaji kama anapokea ya zamani, na anayekataa mpite uende duka jingine.